Nani Anasokota Kamba?

Ukiingia chumba chochote cha hosteli yetu baada ya saa nne usiku, mada ni mbili tu: mpira na nchi hii. Ya mpira ina nafuu, maana mwisho wa siku kuna msimamo wa ligi. Ya nchi haina msimamo. Mmoja atasema sisi ni maskini kwa sababu mkoloni alitunyonya. Mwingine, mara nyingi mtu wa uchumi au biashara, atamjibu kwamba mkoloni kaondoka mwaka 1961, kilichotumaliza ni Ujamaa. Wa tatu atasema wote mnapotea, waliotumaliza ni wale waliouza mashirika ya umma miaka ya 1990. Basi hapo sauti zinapanda hadi jirani anagonga ukuta, au mtu anakumbuka ana jaribio asubuhi, tunalala.

Mimi nasomea ualimu, mwaka wa tatu, masomo yangu ya kufundishia ni Historia na Jiografia. Kwangu mjadala huu si wa kusindikizia usingizi. Mungu akijalia na ajira zikitoka, mwakani nitalipwa mshahara ili niujibu mbele ya watoto sitini kwenye darasa moja. Na nimeshaonja kidogo inavyokuwa.

Mwaka jana nilikwenda TP shule moja ya kata wilayani Korogwe. Nikapewa Kidato cha Tatu, mada ya uchumi wa kikoloni. Wenzangu wa Historia mnaijua mada hii, maana sote tumeipita kwa madesa yale yale: mashamba makubwa, kazi za shuruti, kodi, reli, usafirishaji wa malighafi. Hoja tano, kila moja na mfano wake, mtihani umeisha. Nilipomaliza kuandika ubaoni, binti mmoja wa nyuma akanyoosha mkono: "Sasa mwalimu, kama mkonge ulikuwa wa mkoloni na yeye alishaondoka, mbona sisi mpaka leo tunakaa kambini?"

Darasa likacheka. Ambaye hajafika Korogwe, Muheza au Pangani anaweza asielewe kilichochekesha. Kambi ni nyumba walizojengewa vibarua wa mashamba ya mkonge, zimepangwa mistari kama madawati. Mashamba mengi yalilala, vibarua wakazeeka, lakini watu bado wamo mle, wajukuu na vitukuu, na jina limebaki kambi. Yule binti alikuwa anauliza kuhusu nyumbani kwao. Nilimwambia swali lake litakuwa kipindi kizima kijacho. Na lilikuwa langu pia, kwa sababu na mimi nimezaliwa kambini.

Tuanze mwanzo. Mkonge si mmea wetu, asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliyekuwa akifanya kazi na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, ikapita Hamburg, na miche iliyofika hapa ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Ikapandwa karibu na Pangani. Mashamba yote ya mkonge mnayoyaona mkipita na basi la Arusha, historia yake inaanzia kwenye miche hiyo 62.

Lakini miche haijipandi. Mkonge unataka vitu vitatu: ardhi kubwa, watu wengi, na njia ya kufika baharini. Ardhi ilichukuliwa. Watu walipatikana kwa kodi: kuanzia 1898 Wajerumani walitoza kodi ya nyumba, na asiye na fedha alitakiwa kuitafuta pale fedha zilipo, yaani shambani kwa mzungu. Njia ilikuwa reli. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka ule ule wa 1893, ikafika Korogwe 1902 na Moshi 1911. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914.

Hapo kuna jambo ambalo kwenye madesa halimo, nami ninaliona kubwa kuliko zile hoja tano. Reli hizo mbili, za mtawala mmoja katika koloni moja, zilikuwa hazikutani. Kila moja ilitoka bara ikaenda bandarini kwake. Ziliunganishwa mwaka 1963, kwa kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi, sisi tukiwa tumeshajitawala. Kwa karibu miaka hamsini, gunia la kahawa la Moshi lilikuwa na njia ya reli ya kwenda kupanda meli ya Ulaya, lakini halikuwa na njia ya reli ya kufika Morogoro. Uchumi ule haukujengwa ili sehemu za nchi ziuziane. Kila sehemu ilijengewa mlango wake wa kutokea.

Babu yangu mzaa baba aliyajua hayo kwa miguu yake. Yeye ni Muha wa Kasulu. Kigoma haikutiliwa mkazo wa zao la biashara kama kahawa ya Kilimanjaro au pamba ya Usukuma. Zao lililotakiwa kutoka kule lilikuwa watu. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandikisha vibarua, ikijulikana kwa kifupi SILABU, ikawa inazunguka mikoa ya mbali kuchukua vijana kwa mkataba. Kila mmoja alipewa namba, na ndiyo maana wakaitwa manamba. Babu alikuja mwanzoni mwa miaka ya 1950. Bibi, ambaye ni Mbondei na mpaka leo ananiita mume wangu, anasimulia kwamba babu alipanda treni Kigoma kama mtu anayekwenda mjini, kisha wakashushwa, wakapakiwa kwenye malori hadi Korogwe, kwa sababu treni ilikuwa haifiki huko. Alikuja kwa mkataba. Hakurudi.

Kazi yake ilikuwa kukata. Unakata jani, unatoa mwiba wa nchani, unafunga matita, unahesabiwa. Ilikuwepo kadi iliyoitwa kipande, ya siku 30 za kazi. Ukitimiza siku 30 ndipo unalipwa. Siku uliyoshindwa kumaliza kazi uliyopangiwa haikuandikwa. Neno kibarua tunalolitumia leo kwa mzaha, eti naenda kibaruani, kwa babu lilikuwa na karatasi yake.

Majani yakitoka shambani yanakwenda kwenye mashine inayoitwa korona. Inayaponda na kuyaparua, nyuzi zinabaki, maji na makapi yanaondoka. Katika kila kilo 100 za majani mabichi, nyuzi hazifiki hata kilo 5. Zinaoshwa, zinaanikwa, zinapigwa brashi, zinafungwa marobota, zinapanda treni, zinapanda meli. Na hapo ndipo habari ya nchi yetu ilipokuwa inaishia. Kamba ilisokotwa kwingine.

Nilipofika hapa katika kujisomea ndipo nilipokutana na habari iliyonikalisha maktaba hadi wakafunga. Katikati ya miaka ya 1930 palikuwa na kiwanda Tanga kilichosokota kamba za mkonge na kuziuza hadi Uingereza kwenyewe, kwa bei iliyokuwa chini ya kamba za kule. Hakikuwa cha Mwafrika, kilikuwa cha wazungu walioweka mtaji wao hapa. Hata hivyo wenye viwanda vya kamba wa Uingereza walipiga kelele serikalini kwao: iweje koloni lituuzie kamba wakati kazi yake ni kutuletea nyuzi? Kiwanda kikabanwa bei, kikabanwa na kiasi cha kuuza, na kabla ya Vita Kuu ya Pili kikawa kimefungwa.

Jamani, tuitazame vizuri habari hii. Mtaji ulikuwepo. Mashine zilikuwepo, malighafi ilikuwa mlangoni, vibarua walikuwepo, na mnunuzi alikuwepo. Kiwanda hakikufa kwa sababu hatukuwa tayari kwa viwanda, kama tunavyosikia wakati mwingine. Kilifungwa kwa sababu kilifanya kazi vizuri mahali ambapo hakikutakiwa kuwepo. Tangu siku hiyo, mtu akinielezea kipindi chochote cha uchumi wa nchi hii, swali langu la kwanza ni moja: nani anasokota kamba?

Vita ilipokuja, Wajapani waliteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia, ambako nchi za Magharibi zilikuwa zikipata nyuzi nyingi. Ghafla mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita, na serikali ikarudisha kazi ya shuruti mashambani kwa jina la vita hiyo. Baada ya hapo vita ya Korea ikapandisha bei mwaka 1950 na 1951, na ndio ule wakati babu na wenzake walikuwa wanashushwa kwenye malori. Watu wakauita mkonge dhahabu ya kijani. Tulipopata Uhuru ndio ulioongoza kutuletea fedha za kigeni, na mashamba yaliajiri watu zaidi ya 100,000. Mwaka 1964 uzalishaji ulifika kama tani 230,000. Tulikuwa wa kwanza duniani.

Sasa tuje kwa ndugu zangu wanaosema Ujamaa ndio uliotumaliza. Azimio la Arusha ni la Februari 1967, na mwaka huo huo serikali ikachukua zaidi ya nusu ya sekta ya mkonge. Ukichora mstari wa uzalishaji, unaanza kushuka karibu na hapo, na mtu mvivu atasema basi, mjadala umefungwa. Lakini bei ilikuwa imeshaanza kuanguka kabla ya Azimio, kwa sababu nchi zilizoendelea zilianza kutengeneza kamba za plastiki. Mkulima wa Marekani aliyefunga nyasi zake kwa kamba ya mkonge sasa alikuwa na kamba nyingine, ya bei nafuu. Hakuna mtu Tanga aliyeulizwa. Mwalimu Nyerere alikuwa akilieleza kwa mfano wa trekta: trekta ni lile lile, lakini kila mwaka unatoa mkonge mwingi zaidi kulinunua.

Hata hivyo, siwezi kuishia hapo na kuwaachia Ujamaa uende bila deni. Mkonge una tabia yake. Ukiupanda leo, unasubiri miaka kama mitatu ndipo uanze kukata. Unaukata miaka kadhaa, kisha unatoa mlingoti, unakufa. Kwa hiyo shamba la mkonge ni kama foleni: wa mbele wanatoka, wa nyuma lazima wawe wameshaingia. Usipopanda mwaka huu, mwaka huu hutaona kitu, na mwakani pia. Utakuja kuona baada ya miaka minane au kumi, na wakati huo anayelaumiwa ni mwingine kabisa. Bei ilipoanguka wenye mashamba waliacha kupanda. Mashirika ya umma yalipochukua nayo hayakupanda vya kutosha. Mwaka 1973 na 1974 bei ya mafuta ikapaa, plastiki ikawa ghali, mkonge ukapata bei nzuri tena, nasi tukaenda shambani tukakuta milingoti.

Halafu mambo yakarundikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Vita ya Kagera ikaja 1978 na 1979. Shilingi ikashikiliwa juu kuliko thamani yake, maana yake ukiuza mkonge nje unarudishiwa shilingi chache, na ukitaka spea za korona huna dola. Baba yangu alianza kazi kama fundi wa korona miaka ya 1980, na anasema ufundi wa wakati ule ulikuwa ni kuiba chuma kwenye mashine iliyokufa uiwekee iliyo mahututi. Nyumbani walikuwa wanafulia majani ya mpapai, kwa kuwa sabuni ilikuwa ya mgao. Haya si ya mkoloni. Haya tuliyafanya wenyewe, pamoja na bahati mbaya.

Lakini baba huyo huyo anajua kusoma, kuandika na kupiga hesabu za gia. Alisoma shule ya msingi wakati wa ule mpango wa elimu kwa wote uliotokana na Azimio la Musoma la 1974. Babu alitia dole gumba, mtoto wake akasoma kitabu cha mashine, mjukuu yuko chuo kikuu. Fedha za kulipia madarasa yale zilitoka wapi? Zilitoka kwenye mkonge, kahawa, pamba na korosho. Kwa hiyo anayesema kipindi kile hakikutuachia kitu, naomba asinihesabie mimi.

Upande wa tatu wa mjadala wetu wa hosteli nao una ukweli wake. Mwaka 1986 tulikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikapoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa dola mwaka ule mmoja, maduka yakajaa bidhaa, na mashirika yakaanza kupangwa kwa ajili ya kuuzwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa mkonge ulikuwa kama tani 20,000, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya ule wa 1964. Mashamba yakauzwa. Shamba alilokuwa baba, ambalo silitaji, lilibadilisha mwenye mali na yeye akapunguzwa. Kiinua mgongo kililipwa vipande vipande, na kipande cha mwisho anakisubiri mpaka leo. Mimi nilizaliwa miaka michache baadaye, katika nyumba ya kambi ambayo kisheria haikuwa yetu na hakuna aliyekuja kututoa.

Mkiniuliza nani kati ya wale watatu wa hosteli ana haki, nitasema kila mmoja ameshika kipande cha kamba na anadhani ndiyo kamba yote. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Mkoloni aliisokota hivyo, pembamba pakiwa ni pale pale: tunauza kitu kibichi, bei inapangwa mbali, na kazi yenye faida inafanyika mbali. Ujamaa ulibadilisha mwenye shamba, lakini pembamba hapakuongezewa nyuzi za kutosha. Soko huria nalo likabadilisha mwenye shamba kwa mara nyingine. Mishtuko ilipokuja, ya plastiki, ya mafuta, ya vita, kila mara tulikatikia pale pale.

Msinielewe vibaya, sisemi dawa ni kujenga kiwanda tu. Hilo tulishalijaribu. Miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, tulijenga kiwanda cha viatu Morogoro kikubwa kweli kweli, kilichokusudiwa kuuza viatu hadi Ulaya. Hakikuwahi kuzalisha zaidi ya sehemu ndogo ya uwezo wake, mwisho kikafungwa. Vilijengwa viwanda vya kubangua korosho, vingi vikaishia kuwa maghala, na korosho zetu nyingi zikaendelea kwenda India na Vietnam zikiwa na maganda. Kusokota kamba ni zaidi ya kuwa na mashine. Kunataka spea, umeme, fundi aliyefunzwa, mtu anayejua mnunuzi anataka nini, na mtu anayepanda mwaka huu kwa ajili ya miaka kumi ijayo. Kile kiwanda cha Tanga cha miaka ya 1930 kilikuwa na hivyo vyote, kikakosa serikali ya kukitetea. Cha Morogoro kilikuwa na serikali, kikakosa karibu vyote vingine.

Na jambo lenyewe halijapita. Leo dhahabu ndiyo inayoongoza kati ya bidhaa tunazouza nje. Mnakumbuka mwaka 2017, sisi tukiwa shuleni bado, nchi nzima ilijifunza neno makinikia, ule mchanga wenye madini uliokuwa ukisafirishwa kwenda kuchenjuliwa ng'ambo. Ukiondoa siasa zake, lile lilikuwa swali la kamba: kwa nini mchanga unapanda meli? Mwaka 2020 Benki ya Dunia ilitupandisha tukawa nchi ya kipato cha kati cha chini, na treni ya umeme sasa inatoka Dar hadi Dodoma. Mimi nimeipanda na nimeifurahia. Ila reli hii nayo inatoka bandarini kwenda bara, kama ya 1905, na reli pekee haiwezi kutuambia kama tumebadilika. Tutajua kwa kuangalia ndani ya mabehewa yanayoshuka pwani.

Serikali imeuweka tena mkonge kwenye mazao ya kimkakati, na wakulima wadogo wanahamasishwa. Baba ni mmoja wao. Ana ekari tatu, mkonge wake mwenyewe, katika ardhi ambayo babu aliikata akiwa na namba. Mimi niko hapa chuo kwa mkopo wa Bodi na kwa ekari hizo tatu. Bumu likichelewa, mkonge ndio unaotuma nauli. Hilo ni badiliko la kweli, wala si dogo. Lakini korona si yake, na bei huwa anaiambiwa akishakata.

Basi kipindi kilichofuata kule Korogwe sikuandika hoja tano. Nilichora ramani ya nchi ubaoni, nikachora zile reli mbili zisizokutana, nikawaambia waniambie kibarua wa Kigoma alifikaje hapa kwao. Walijua kuliko mimi. Mmoja alitaja kituo alikoshushwa babu wa babu yake. Kisha tukafuata jani moja la mkonge, kutoka shambani hadi kamba dukani, na kila hatua tukaandika nani analipwa. Tulipofika kwenye korona, mikono mingi ilikuwa juu. Tulipovuka bahari, hakuna aliyekuwa na cha kusema. Yule binti nilimjibu hivi: mnakaa kambini kwa sababu mkoloni aliondoka na bendera, lakini njia ya jani ilibaki kama alivyoiacha, na waliokuja baada yake, wote, walibishana zaidi kuhusu nani awe na shamba kuliko kuhusu nani asokote kamba. Akaniuliza, "Na hilo kwenye mtihani tunaandika?" Nikamwambia andika zile hoja tano kwanza, maksi zako zipate, halafu nyingine uliza nyumbani.

Ninaandika haya kwa wenzangu wa ualimu hasa, maana muda si mrefu tutatawanyika nchi nzima. Likizo inakuja. Kila mmoja wetu ana zao la kwao: kahawa, pamba, korosho, chai, tumbaku, karafuu, pareto. Kaa na wazee, uliza maswali manne. Nani alipanga bei? Nani alikuwa na mashine? Hatua inayofuata baada ya shambani ilifanyika wapi? Na lini mara ya mwisho watu walipanda upya? Ukirudi na majibu hayo utakuwa na somo la uchumi wa nchi hii ambalo mtoto wa darasani kwako atalielewa, hata kama ni mkaa nyuma.

Nanyi wa uchumi na biashara, najua mna majibu ya shilingi na ya mashirika ambayo mimi wa Historia sina. Yaandikeni toleo lijalo. Ila mtakapoandika, tafadhali tuambieni na kamba inasokotwa wapi.